Fungu la Pili

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kolegi, yaani shule ya sekondari, Kabibi alimsaidia mama mdogo Sikuzani kuanika ndagala. Walitandaza nyavu kuukuu juu ya mchanga, wakamwaga samaki hao wadogo, kisha wakawatenganisha kwa vidole ili jua liwapate wote. Ndagala akilaliwa na mwenzake huoza tumbo, akanukisha kapu zima. Lakini siku hizo kazi ilikwisha upesi. Vita ilikuwa imeshuka kutoka milimani mpaka karibu na Rumonge, na askari walikataza watu kuvua usiku kwa taa. Wavuvi walitoka alfajiri wakarudi na kidogo.

Kazi ikiisha, Kabibi alisugua mikono kwa ndimu asije akanuka darasani. Alivaa sketi ya buluu, shati jeupe, na viatu vyeusi vipya vyenye kishikizo cha chuma ubavuni. Mama mdogo aliviulizia viatu hivyo mara moja tu. Kabibi alijibu kwamba baba alimruhusu kuvinunua. Mama mdogo alivitazama, akamtazama na mwenyewe, akaendelea kufagia. Tangu siku hiyo Kabibi alivivaa akiwa amegeukia ukutani.

Baba yake, Lukeba, alikuwa mfanyabiashara wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Shule za kwao zilipofungwa kwa vita, alimvusha binti yake na kumleta huku Burundi kwa Sikuzani, mdogo wa marehemu mkewe, aliyeolewa zamani katika mtaa wa Waswahili wa Rumonge. Alisema kwamba kule kunawaka na huku kunawaka, lakini huku mwalimu bado anaingia darasani. Akamwachia Kabibi pesa za shule zikiwa zimefungwa katika kitambaa, akarudi na mashua.

Kolegi ile ilikuwa na utaratibu wake. Mwanafunzi wa hapa alilipa minervali, yaani karo, fungu moja. Aliyetoka mbali, kama Bujumbura au Kongo, alilipa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa lake mwenyewe. Fungu la pili lilimlipia mtoto wa hapa ambaye kwao hakuna kitu: aliyeunguliwa na nyumba, au aliyebaki na mzazi mmoja kambini. Mgeni mmoja, mtoto mmoja. Hivyo ndivyo Direkteri Éphraïm, mkuu wa shule, alivyowashika watoto wengi shuleni katika miaka ile ambayo serikali haikuwa na cha kuwapa.

Kabibi aliyajua hayo. Baba alimweleza, na pesa alizoachiwa zilikuwa za mafungu mawili. Lakini jioni ya kuamkia siku ya kujiandikisha alikwenda bombani kuteka maji, akamkuta Raisa, msichana wa mtaa wa pili aliyekwisha kusoma pale mwaka mmoja. Raisa alimweleza kwamba kesho kutakuwa na mistari miwili, wa hapa na wa nje, na kila mtu atawaona.

"Wewe utapanga ule wa nje," alisema akitua ndoo yake. "Mustari wa mizigo. Sisi tunauita hivyo, kwa sababu munashushwa na mashua pamoja na magunia."

Wasichana wengine wakacheka. Kabibi naye akacheka ili asionekane ameumia. Usiku ule hakuyasikia maneno mengine kichwani ila hayo.

Asubuhi mama mdogo alikuwa na homa, hakuweza kuinuka. Akamwomba jirani yao, Mzee Amisi, amsindikize mtoto. Mzee Amisi alikuwa fundi wa taa za karabai zile za kuvulia. Sasa zilining'inia ukutani kwake zikiwa zimezimwa, naye akijipatia riziki kwa kukata mabati ya makopo na kutengeneza faneli za kumiminia mawese. Kila mwaka alikwenda kolegi kuwa shahidi wa watoto wa mtaa. Karatasi za watu wengi zilikuwa zimeungua pamoja na nyumba zao, kwa hiyo shule ilikubali neno la mtu mzima anayejulikana. Mtu mzima akisema, "Huyu ni wa hapa, namjua," basi ilitosha.

Njiani Kabibi alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Babu, mimi nilizaliwa hapa hapa Rumonge. Mama alinipeleka Baraka nikiwa bado mchanga."

Mzee Amisi alifurahi. Alisema kumbe ni wetu, basi hakuna la kuhangaika. Walipofika alimshika bega, akamweka katika mstari wa wa hapa, na zamu yao ilipofika akamwambia direkteri, "Huyu ni mutoto wetu. Namjua." Direkteri hakuuliza la pili. Kabibi alilipa fungu moja, na fungu la pili likabaki katika kitambaa. Siku ya soko akanunua viatu. Pesa zilizobaki alizificha chini ya mkeka wake. Alijiambia kwamba hakumwibia mtu. Hizi si ni za baba?

Darasani alikalishwa na msichana aitwaye Benedicte. Benedicte alitoka mlimani Bugarama. Nyumba yao iliungua, baba yake akauawa, na sasa alikaa na mama yake, Elda, katika kambi ya waliokimbia, chini ya turubai. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi wa utani. Mwalimu akigeukia ubao, aliweza kumwiga kikohozi chake hata darasa zima likajificha nyuma ya madaftari. Kabibi alimsaidia Kiswahili, yeye akamsaidia Kabibi Kirundi, wakawa hawatengani hata wakati wa kula.

Wiki chache baadaye direkteri aliingia darasani akiwa na uso mzito. Alieleza kwamba mwaka huu mafungu ya pili yamepungua, kwa kuwa wanafunzi wa nje ni wachache kuliko alivyotegemea. Mtoto mmoja amekosa wa kumlipia. Hakumtaja mtu. Lakini alimwita Benedicte nje, na Benedicte hakurudi. Kalamu yake ilibaki mezani mpaka kengele.

Kabibi aliitazama kalamu ile. Hakuna aliyemtazama, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Jumamosi mama mdogo alimtuma kununua mawese katika kinu kilicho njiani kwenda Kigwena. Pale wanawake walikaa wakipukuchua ngazi, yaani matunda ya michikichi, kutoka mikunguni, na kati yao alikuwa Benedicte, vidole vyake vimekuwa rangi ya chungwa, vimechomwa na miba ya mikungu. Alipomwona Kabibi alitabasamu, akamwiga mwalimu kikohozi.

"Mwambie nimepata kazi kubwa kuliko yake," alisema.

Kabibi alimuuliza kama hatarudi. Benedicte aliendelea kupukuchua. Alisema labda mwakani, kama atatokea mtu wa nje. "Nilikuwa namba ya mwisho. Kama angekuja mumoja tu zaidi."

Kabibi alilipa mawese, akarudi nyumbani karibu anakimbia, akatoa pesa zilizokuwa chini ya mkeka, akaenda nazo kambini. Alifikiri ataziacha pale, na mambo yatanyooka bila mtu kujua kitu. Alimkuta Mama Elda akikuna muhogo mbele ya turubai. Kabibi alimwamkia, akamnyooshea pesa, akasema ni za shule ya Benedicte.

Mama Elda hakuzipokea. Alifuta mikono kwa kanga yake taratibu.

"Murakoze, asante, mwanangu. Lakini ni za nani?"

Kabibi alifungua kinywa. Angeweza kusema ni za baba, na isingekuwa uongo. Lakini mama yule alikuwa akimtazama kwa upole, kama mtu anayengoja jibu la kawaida, na upole ule ulimshinda. Machozi yakamtoka. Akazikunja pesa, akaondoka bila kuaga. Nyuma yake alimsikia Mama Elda akimwita, ana wasiwasi kwamba amemkosea mtoto wa watu.

Alipofika nyumbani alimweleza mama mdogo yote: mstari wa mizigo, maneno aliyomwambia Mzee Amisi, viatu, kinu, kambi. Mama mdogo alikuwa akipepeta mchele. Hakugomba. Aliweka ungo chini, akavaa mtandio, akasema tu, "Tuanze kwa Amisi."

Mzee Amisi alikuwa akigonga bati. Kabibi aliomba radhi akitazama miguu yake, na miguu ilikuwa katika viatu vile vile, kwa maana hakukumbuka kuvivua. Alipomaliza, nyundo ilikuwa imenyamaza.

"Mimi sina kitu," alisema mzee. "Taa haziwaki, wateja hawako. Nilikuwa na hicho kimoja, kwamba nikisema neno mbele ya watu linapokelewa. Ukakiazima bila kuniambia."

Kabibi alitamani apigwe. Mzee hakumpiga. Aliinuka, akatafuta kofia yake, akasema watakwenda wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema neno lile, na yeye mwenyewe ndiye wa kulifuta.

Direkteri Éphraïm alikaa nyuma ya kolegi, katika nyumba ya vyumba viwili. Aliwasikiliza wote watatu wakiwa wamesimama, kisha akawatoa nje mpaka kwenye ukuta wa darasa, akaweka kiganja juu ya matofali.

"Kabibi, wewe ulidhani fungu la pili ni adhabu ya kuwa mgeni?"

Kabibi alitikisa kichwa kukubali.

"Sikiliza. Ukuta huu haukujengwa na serikali. Waliujenga wazazi, kutoka huku ziwani mpaka Bugarama. Kila Jumamosi walifyatua matofali, wanawake wakabeba maji kichwani. Hawakulipwa. Baba yake Benedicte alifyatua hapa. Wazazi wako hawakuwapo, na si kosa lao, walikuwa wanajenga kwao. Basi baba yako anapolipa fungu la pili, anaweka tofali lake. Hatukufukuzi kwa hilo. Tunakuingiza."

Kabibi alilia kwa sauti. Mpaka hapo alikuwa ameona haya ya kutoka ng'ambo. Sasa haya ilihamia mahali inapostahili, kwenye uongo wake, ikawa nzito zaidi.

Walikubaliana hivi. Pesa zilizobaki zililipwa pale pale. Zilizokwenda kwenye viatu, Kabibi angezitafuta mwenyewe kwa kuanika ndagala wa watu wengine likizoni, na baba yake angeelezwa atakapovuka, kwa kinywa cha Kabibi na si cha mama mdogo. Jumatatu angesimama katika kundi la wa nje mbele ya darasa, kwa jina lake la kweli na mahali pake pa kweli. Na Benedicte aitwe arudi, ila mwenye kumwita awe Kabibi.

Alikwenda kambini jioni ile ile, pamoja na mama mdogo, kabla ya saa ya askari kufunga barabara. Alisema mbele ya Benedicte na mama yake, bila kuficha hata viatu. Mama Elda aliinamisha kichwa. Benedicte hakutania. Alimtazama Kabibi kwa muda mrefu kama mtu anayesoma hesabu ngumu.

"Siku ile kwenye kinu," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Benedicte alitazama vidole vyake. Alisema atarudi shuleni Jumatatu. Kuhusu kukaa dawati moja, alisema atafikiri. Alifikiri siku nyingi. Alirudi kwenye dawati lile karibu na mitihani ya mwisho wa mwaka, akaweka kalamu yake mezani bila neno, na Kabibi akasogea kumpa nafasi.

Kabla ya hapo, Kabibi akiwa amekwisha kulipa deni la viatu likizoni, kulitokea jambo moja dogo. Familia nyingine ilishuka kutoka milimani, na Mzee Amisi akaja kolegi na mvulana wao, akasema kama alivyozoea, "Huyu ni wa hapa. Namjua." Kabibi alikuwa akifagia uwanja, karibu nao.

Direkteri alikuwa na adabu. Hata hivyo aliuliza, "Mzee, una hakika?"

Miaka yote hakuwahi kumuuliza hivyo. Mzee Amisi alivua kofia. Akaeleza jina la babu wa mvulana, kijito kilichopita nyuma ya nyumba yao, na ni nani aliyewazika ndugu zao. Alieleza polepole mpaka mwisho, kama mtuhumiwa. Kabibi alishika ufagio akashindwa kuinua macho.

Jioni, wakikusanya ndagala waliokauka, alimsimulia mama mdogo, akauliza: si alikwisha kulipa? Si alikwisha kusema ukweli mbele ya wote?

"Ulilipa, mama," alisema Sikuzani, akipuliza mchanga kutoka kwenye samaki. "Pesa ukirudisha, zimerudi. Mwenzako naye amerudi darasani. Lakini wakati huu wa vita karatasi zimeungua, watu tumebaki na maneno yetu tu. Ukisema uongo, humharibii mtu mmoja tu. Unawafanya hata wasema kweli waulizwe mara mbili. Hilo halirudi kwa siku moja. Utalirudisha kidogo kidogo, kwa kusema kweli kila unapoulizwa, hata pale kweli inapokuaibisha. Na usichoke."

Kabibi aliitikia. Asubuhi iliyofuata, alipokuwa akipita mbele ya karakana ya Mzee Amisi, alisimama akamwamkia. Mzee aliendelea kugonga bati. Kesho yake akamwamkia tena. Siku ya tatu mzee aliinua kichwa na kuuliza anakwenda wapi.

"Shuleni, babu," alisema Kabibi. "Lakini nimechelewa, na nimechelewa kwa sababu nililala mno."

Mzee Amisi alimtazama kidogo. "Basi kimbia," alisema, akarudi kwenye kazi yake.