Plasta ya Zambarau

Lifti ya hospitali iligoma asubuhi, saa ambayo ukumbi wa chini umefurika watu hadi mlangoni. Katikati ya msongamano alisimama mwanamke mwenye koti jeupe juu ya blauzi ya njano, amekumbatia sanduku la barafu kwa mikono miwili. Kwenye shimo la lifti kilitokeza kwanza kichwa, kisha mabega, kisha mwanamume mzima mwenye ovaroli ya bluu, grisi hadi kwenye viwiko.

"Kaka, itachukua muda gani?"

"Ikinipenda, sasa hivi. Ikininunia, mpaka jioni."

"Mimi sina huo muda. Nimebeba seli, zitakufa."

"Seli za nini, Dokta?"

"Za saratani."

"Si uziache zife, basi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dokta hakucheka.

"Hizi zikifa leo," alisema, "nani atanifundisha kuua zilizomo ndani ya watu?"

Fundi akajuta papo hapo. Akajifuta mikono, akampokea sanduku, wakapanda ngazi mpaka ghorofa ya sita. Alifika akihema, jasho linamtiririka, lakini namba ya simu ya Dokta alikuwa ameshaipata. Mapenzi mengine huanza kwa maua, haya yalianza kwa kukosa pumzi.

Fundi alikuwa mtu wa kuuliza, na Dokta alikuwa mtu wa kupenda kuulizwa. Jumapili moja, sebuleni kwake, Dokta akamweleza kazi yake. Damuni mna askari, alisema, kazi yao kupita mwilini wakimkagua kila wanayekutana naye. Lakini saratani ni mjanja, humgusa askari mahali fulani na kumpa ishara: mimi ni wa humu humu, tulia.

"Kama mlinzi anayepewa chai na mwizi," Fundi alisema.

Dokta akacheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo hiyo! Na mimi kazi yangu ni kuimwaga hiyo chai."

"Kwa hiyo mpenzi wangu ni mmwaga chai."

"Shh! Mpenzi usilisemee hospitalini. Pale kuna midomo. Kazini hatujuani, sawa? Na tusikimbilie mambo. Mwenzi ni neno kubwa."

Fundi alikubali, lakini neno lile lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Basi, mjue jambo moja. Mwisho wa mwezi Dokta angesimama mbele ya Profesa na jopo lake, nao wangeamua kama dawa yake ianze kujaribiwa kwa wagonjwa, yeye akiwa kiongozi wa mradi. Miaka yake yote ya ujana ilikuwa ndani ya kazi ile. Na kazi ile ilisimama juu ya damu ya watu wazima wa afya waliojitolea. Majina yao alikuwa nayo Sista, muuguzi wa mradi, peke yake. Dokta aliletewa chupa zenye namba tu, na kujua ni damu ya nani kulikuwa mwiko, ili moyo wake usije ukapendelea.

Moyo ukapendelea hivyo hivyo.

"Kuna mtu mmoja simjui," alimwambia Fundi wakila, "lakini askari wake! Nikimwaga chai tu, wanaamka, hawabakizi kitu. Mtu huyo nikimpata naolewa naye kesho."

Fundi akatabasamu. Kisha akashusha mkono wa shati, haraka mno, ila Dokta alikuwa ameshaona. Kwenye mkunjo wa kiwiko palikuwa na plasta ya zambarau.

"Umeumia?"

"Waya umenichoma tu."

Plasta za hospitali ile zilikuwa za kahawia. Za zambarau zilikuwa chumbani kwa Sista peke yake, amezileta mwenyewe kwa kupenda rangi. Simu ya Fundi ikaita, na Fundi, loo, akaenda kuipokelea jikoni.

"Sawa, Sista. Kesho asubuhi. Aa, simwambii mtu."

Chakula kilimshinda Dokta. Fundi alipoondoka tu, akampigia dada yake mkubwa.

"Mwanamume akianza kupokea simu jikoni," dada alisema, "ujue kuna kinachopikwa."

"Labda ni kazi, dada."

"Kazi gani? Sista ana lifti chumbani kwake?"

"Dada!"

"Nakuuliza! Wewe si msomi, kutwa ushahidi, ushahidi? Nenda kautazame huo ushahidi."

Akaenda. Asubuhi alijibanza kwenye kona ya korido, mtafiti mzima na koti lake, akijifanya anasoma tangazo la kunawa mikono. Mlango ukafunguliwa. Fundi akatoka akikunjua mkono wa shati. Sista nyuma yake, sare imembana vizuri, akimpigapiga begani.

"Ukanywe maji mengi, mpenzi wangu. Nitakupigia."

Sista humwita kila mtu mpenzi, hata maiti angemwita hivyo. Dokta alilijua hilo, lakini wivu hauna kumbukumbu.

"Yule fundi ana nini na wewe?"

"Heh! Umekuwa polisi?" Sista alicheka. "Siwezi kukwambia. Tena wewe ndiye hasa usiyetakiwa kujua."

Damu ikampanda Dokta kichwani. Akamfukuzia Fundi, akamkuta kwenye ngazi zile zile walizopanda na sanduku.

"Tangu lini?"

"Nini tangu lini?"

"Wewe na Sista! Usinifanye mjinga. Plasta nimeiona, simu nimeisikia."

Fundi akamtazama, akakunja shati. Plasta ya zambarau ilikuwa bado mbichi.

"Damu, Dokta. Natoa damu. Siku moja ulilia, ukasema waliojitolea ni wachache, kazi inakufa. Mimi nina nini cha kukupa? Nikaja. Na Sista kila mara ananiita tena, anasema maabara wameipenda."

Dokta akashika chuma cha ngazi. Alijua ni chupa za namba gani. Alizijua zile seli kuliko alivyowajua majirani zake.

Kisha likamjia jingine, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Kabla ya sindano, Sista humuuliza kila mtu: una ndugu au mwenzi katika mradi huu? Wewe ulijibu nini?"

Fundi akashusha mkono wa shati.

"Ulijibu nini?"

"Nilisema sina. Wewe ndiye uliyesema neno hilo ni kubwa."

Dokta akapanda ngazi bila kugeuka. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini hakufika maabara, alikwenda moja kwa moja kwa Profesa na kusema yote.

"Matokeo ya mtu huyo yote yanatupwa," Profesa alisema, akivua miwani. "Mwisho wa mwezi husimami. Unarudia na watu wapya, na nafasi ya uongozi siwezi kukuwekea. Ungenyamaza nisingejua."

"Dawa hii itaingia mwilini mwa wagonjwa, Profesa. Haiwezi kuanza na uongo."

Akatoka, akajifungia chooni, akalia.

Simu za Fundi alizipokea kwa baridi.

"Niko kazini."

"Nasikia sufuria."

"Basi napika."

"Unampikia nani?" Naye Fundi ameanza, maana ugonjwa ule unaambukiza.

"Najipikia! Kwaheri."

Majuma yakapita. Askari wa watu wapya waliamka polepole, hawakuwa wakali kama wale, lakini waliamka wote, na saratani ikafa. Profesa akaja mwenyewe kuchungulia kwenye hadubini, akaguna, akasema jopo litakutana tena. Sista alikuwepo, ameleta chupa.

Lifti ikalia. Akatoka Fundi, shati jeupe limepigwa pasi, kucha zimesuguliwa hazina hata alama ya grisi.

"Sista, naomba uniulize tena lile swali."

"Wewe! Damu yako hatuichukui tena."

"Sindano sitaki. Nataka swali."

Sista akamtazama Profesa, Profesa akamtazama Dokta, Dokta akatazama sakafu.

"Haya. Una ndugu au mwenzi anayefanya kazi katika mradi huu?"

"Ndugu sina." Akageuka kumtazama Dokta. "Mwenzi ninaye. Yule pale wa blauzi ya njano. Nilimkana kwa sababu niliogopa, na sitamkana tena. Nataka kumuoa, kama bado ananitaka."

Dokta akamsogelea taratibu, macho yamejaa machozi na uso bado umekunjwa.

"Kunja shati. Mikono yote miwili."

Fundi akakunja. Dokta akakagua kiwiko cha kulia, akakagua cha kushoto. Hapakuwa na plasta. Hakuuachia ule mkono.

"Sista, mwandike. Huyu asitolewe damu hapa maisha yake yote."

"Sababu?"

"Ni mwenzi wangu."