Faili Lililoshikwa na Marehemu

Usiniambie kompyuta haina pepo. Mimi nimemwona, tena hapa hapa Bariadi, jua halijazama.

Nilikwenda stationery ya Sadick kuchapa muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao kilikaa baada ya matanga ya baba yetu, Mwalimu Magese, na wazee walikubaliana kwa kauli moja: shamba la Zagayu, ninakolima pamba na kulishia wanangu, linabaki kwangu. Muhtasari niliuandika mwenyewe, nikauhifadhi mtandaoni kwenye folda ya baba. Nywila aliniachia mimi. Mdogo wangu Joakim aliruhusiwa kuandika tu humo, si kufuta. Kesho yake wazee wangesaini, tuupeleke mahakamani.

Sadick akabonyeza. Faili likagoma.

"Dada Ernestina, linatumiwa na mtu mwingine. Magese."

Nikainama kwenye skrini nisome mwenyewe.

"Magese ni baba. Tumemzika wiki tatu zilizopita."

"Lahaula..." Akajikaza. Akanieleza kwamba ukifungua waraka, kompyuta huweka kifaili kidogo kilichofichwa, cha kuzuia wengine wasiandike mpaka umalize. Ikizimika ghafla, kifaili hubaki. "Labda marehemu hakufunga vizuri."

"Hakufunga nini? Faili hili nimeliandika baba yuko kaburini!"

Feni inazunguka. Halafu nikasikia harufu... ugoro. Ugoro wa baba, ule wa kuchanganya na magadi. Sadick hanusi ugoro.

Nikampigia Joakim. Laptop ya baba ilikuwa kwake.

"Iko sandukuni, betri ilikufa zamani," akasema. Kisha haraka haraka: "Kifute hicho kifaili, dada. Mimi nimejaribu, kinakataa. Mwenye nywila ni wewe."

Sikujiuliza alikuwa anatafuta nini mle. Mjinga mimi! Mtoto niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani, ningemdhaniaje?

Sadick akafuta.

Kikarudi.

Akafuta tena. Kikarudi, na saa iliyoandikwa ni ya dakika ile ile.

"Dada," akanong'ona, "huyu mtu yupo."

Ugoro ukazidi mpaka nikapiga chafya. Joakim bado yuko kwenye simu, anahema. "Mwambie aachie, dada. Wewe atakusikiliza."

Nikaweka kiganja juu ya meza. Nikasema kwa Kisukuma, kama tulivyozoea kuongea nyumbani: baba, ni mimi Ernestina, tafadhali achia.

Kitu kikashusha pumzi nyuma ya sikio langu. Pumzi ndefu... ya mzee aliyechoka.

Kifaili kikaondoka. Harufu nayo ikaondoka.

Adhana ya magharibi ikaanza. Sadick alitaka kufunga duka. Akachapa kurasa nne. Nikazitia kwenye bahasha bila kusoma. Nisome nini, na maneno ni yangu?

Asubuhi wazee wakasaini. Mzee Mwandu, kaka wa baba, hata hakuomba asomewe. "Akileta Ernestina inatosha," alisema, akaweka dole gumba.

Mahakamani karani akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye shamba la Zagayu akataja jina la Joakim. Langu halikuwemo hata kwa bahati mbaya.

Nikapiga kelele kwamba ni uongo. Wazee wote wakanigeukia mimi, mleta karatasi. Joakim akaniangalia usoni, hakupepesa.

"Si umechapa mwenyewe, dada?"

Jamani! Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naisikia tu kwa watu.

Nilirudi kwa Sadick mbio. Akafungua folda, tukakuta nakala tisa za Joakim, zote zimekwama kando tangu baada ya kikao, zimezuiwa kuingia kwenye faili langu, na zote hazina jina langu. Ya kumi iliingia jana jioni, dakika ile kifaili kilipoondoka. Nikamuuliza Sadick nani alikuwa anazizuia. Akazima kompyuta, na hataki tena niitaje habari hiyo dukani kwake.

Kesi nimefungua, naendelea nayo. Lakini si kesi inayoninyima usingizi. Kila jioni nalifungua faili lile kwenye simu, natazama kama limeshikwa. Liko wazi, yeyote anaweza kuandika. Nimemwita baba kwa majina yake yote na haji. Alilishikilia siku zote zile bila kuombwa, na mimi ndiye niliyemwambia aachie.