Mashine Iliyogoma Kwenye Jiwe la Donatus

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Violeth alibeba dumu la petroli hadi mwaloni Isenga, bandari ndogo ya mitumbwi kando ya ziwa, mkoani Geita. Mama yake, Serafina, alitangulia na jaketi za kuokolea. Mtumbwi wao wa mashine ulivusha watu ghuba kwenda sokoni, zahanati na shuleni. Tangu baba yake Violeth, Donatus, azame mwaka jana, nahodha alikuwa mama, na chakula chao chote kilitoka kwenye mashine ile.

Katikati ya ghuba kuna jiwe linalochungulia juu ya maji. Hapo ndipo dhoruba ilipoupindua mtumbwi wa Donatus. Na watu wa Isenga wana desturi yao: alipozama mtu hapapitwi kwa kishindo. Unaweka gia huru, mtumbwi unatulia, unamwita marehemu kwa jina, ndipo unaondoka.

"Donatus, tunapita," Serafina alikuwa akisema.

"Shikamoo, baba," Violeth naye alisema, na kila siku mgongo ulimsisimka.

Jumatatu moja walisalimu kama kawaida. Serafina akasukuma mkono wa gia uende mbele. Haukusogea! Mashine ilinguruma, lakini propela ilitulia tuli, na mawimbi yakaanza kuwasogeza jiweni. Abiria walishika kingo za mtumbwi. Bibi Mageni, mchuuzi wa dagaa, akajifanyia ishara ya msalaba.

"Serafina, mwanangu," alinong'ona, "mumeo ameushika mtumbwi."

Walirudi kwa kupiga kasia. Jumanne gia ilikubali ufukweni kwa kusukumwa kwa nguvu, ikagoma tena palepale jiweni. Jumatano, nani apande? Hakupanda hata mmoja.

"Siwezi kushindana na mtu niliyemzika mwenyewe," mama alisema, macho yamemvimba. "Kuna mnunuzi Kahama. Mashine naiuza."

 Kulikuwa na jambo ambalo Violeth alilijua peke yake. Jumamosi, kabla ya misa ya kumbukumbu ya baba, mama alimwambia aipanguse mashine kwa kitambaa tu, asiguse grisi. Lakini grisi ile nyeusi ilimchukiza. Alitaka mashine ya baba ing'ae siku yake. Basi akachota mchanga na sabuni akaisugua, kama watoto wa mwaloni wanavyosugua masufuria. Mama alipouliza, alijibu, "Kwa kitambaa tu, mama." Sasa aliogopa kusema, na aliogopa zaidi kuwa grisi ile ilikuwa na alama za vidole vya baba, naye amezifuta.

Alhamisi mnunuzi alimtuma fundi aikague kwanza. Huyo aliitwa Bartholomeo, mzaliwa wa Mhunze, fundi wa makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu.

"Mwangaluka, mama," aliamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Nakwambia mapema, mashine hii ina mtu."

"Tumtafute basi."

Kwanza alichomoa waya wa plagi, mashine isije ikawaka na mkono wa mtu uko kwenye propela. Akamwambia Violeth aizungushe propela taratibu huku yeye akijaribu gia. Mkono wa gia uligoma kabisa. Akafungua chuma kinachoshuka kutoka kwenye mkono hadi kwenye gia, akakisogeza peke yake. Ka! Gia ikaingia.

"Yaya, mama," fundi alitikisa kichwa kukataa. "Kule chini pazima. Hakuna anayeshika kitu majini. Ugonjwa uko huku juu."

"Mbona inakwama jiweni tu?"

"Ukishatoka ufukweni, njiani kote unaigusa gia wapi kwingine?"

Serafina alifikiri. "Jiweni tu," alikiri.

Fundi akaung'oa mkono wa gia, akapitisha kidole ndani. "Mchanga! Na grisi hamna hata ya dawa. Umeingiaje huku?"

"Binti yangu aliipangusa kwa kitambaa." Serafina aliutazama mchanga kidoleni mwa fundi. "Basi ni Donatus. Hata mchanga ameuleta kutoka alikozama. Mwambie mnunuzi aje leo hii."

Violeth aliona jina la baba likizama mara ya pili. Hakuweza kuvumilia tena.

"Si baba!" alilia. "Ni mimi, mama. Nilisugua kwa mchanga, halafu nikakudanganya."

Serafina alikaa chini mchangani. 

"Siku nne," alisema, "nimemwogopa baba yako. Nimemkasirikia. Nimemwuliza nimemkosea nini. Na wewe ulikuwa unanisikia."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize. Mchanga utasafishwa kwa mafuta ya taa, tutausahau. Ni uongo wako uliotaka kutunyang'anya mashine na kumsingizia mtu asiyeweza kujitetea. Ukikosea, mwanangu, sema siku ileile, hata kama unaogopa."

Fundi alisafisha chuma, akapaka grisi mpya, akamfundisha Violeth mahali pa kuipaka kila Jumamosi. Mkono wa gia ukaenda mbele, huru, nyuma, bila kelele. "Mnunuzi nitamwambia hakuna kinachouzwa," alisema akifunga mkoba wake.

Alasiri waliingia majini wawili tu. Ghuba ilikuwa kimya. Walipofika jiweni Serafina aliweka gia huru, mtumbwi ukatulia.

"Donatus, tunapita. Utuwie radhi."

Mgongo wa Violeth ulisisimka kama siku zote. Alilitazama jiwe.

"Shikamoo, baba. Aliyesugua ni mimi."

Maji yalipiga jiwe polepole. Mama akauachia mkono wa gia, akamwashiria aushike yeye. Violeth aliusukuma mbele, gia ikaingia, wakaondoka.