Fuvu Lililokuwa Raia

"Kesi hii naimaliza kabla chai haijapoa," Inspekta Derrick alitangazia kituo kizima cha Voi.

Chai ilipoa. Ikaingia nzi. Ikamwagwa.

Kilichoibiwa ni fuvu la Mwakio, lenye pengo la meno ya mbele, lililowekwa na ukoo wake katika pango la Sagalla, enzi zile wazee walipofukuliwa na vichwa vyao kupandishwa mlimani. Kitukuu wake, Mkamburi, alilihitaji kuliko marehemu mwenyewe. Kamati ya kuhakiki vitambulisho ilimkatalia: eti babu yake alitoka Tanganyika kukata mkonge.

"Uhuru ulipoingia, aliyezaliwa hapa na mzazi aliyezaliwa hapa alikuwa raia bila kuomba," Mkamburi alisema. "Babu alizaliwa hapa. Babake ndiye huyo wa pangoni, na mgeni hapandishwi kule. Kamati ilikuwa ipande Jumanne kushuhudia. Sasa itashuhudia nini, afande? Popo?"

Alama za vidole? Kinyesi cha popo kilifunika kila jiwe. Mashahidi? Mbuzi. Derrick alipanda ule mlima mpaka soli ya kiatu ikamkimbia.

Hatimaye Kasyoki wa bodaboda akasema alimbeba Mzee Kituku, mwanakamati, hadi chini ya mlima. Alirudi na gunia.

"Mzee, ulifuata nini Sagalla?"

"Ndizi."

"Maji ya kunywa hakuna, ndizi zitoke wapi?"

"Basi mihogo."

"Pangoni uliingia?"

"Mimi nimeokoka! Na mafuvu yote yale, ningelijuaje lenye pengo?"

Derrick akaweka kalamu chini. "Pengo umeambiwa na nani?"

"Liko jikoni kwangu," mzee akasema. "Babu yangu alivuka mpaka kutoka Tanganyika mwaka wa hamsini na nane. Mwingereza alipoondoka, watu kama yeye walipewa miaka miwili waombe uraia. Hakuomba. Mimi nilipotaka kitambulisho, nikadai Mwakio ni wetu. Wangepanda na huyu msichana, wangeuliza: fuvu moja, koo mbili?"

"Ukaona heri akose yeye?"

"Nirudi wapi, mwanangu? Huko hawanijui."

Mkamburi akaja kituoni kulichukua fuvu.

"Haliwezi kutoka," Derrick akasema, macho sakafuni. "Ni kielelezo, mpaka kesi iishe."

"Lini?"

"Mahakama ndiyo inajua."

Mkamburi akacheka, akaaga, akaenda zake.

Hivyo ndivyo nilivyoandika. Dada yake Mkamburi, Mable, aliyekuwa naye pale kaunta ya kituo, amesoma na kunipokonya kalamu: "Wewe, acha uongo! Nani alicheka? Alikaa benchi la kituo mpaka jioni, akimuuliza kila askari anayepita, 'Sasa mimi ni wa wapi?'"