Chapati za Saa Saba

"Kware, una dakika nne. Ikipaa, imetuponyoka."

Redio ikazima.

Ekidor, ambaye Idara ya Upelelezi ilimwita Kware, alikanyaga mafuta. Probox ikapita lango la uwanja wa ndege wa Isiolo huku askari wa zamu akirukia kando.

Makaratasi yalisema ndege inapeleka miraa Wajir. Kilomita mia tatu, dakika arobaini. Ekidor, aliyejifanya mpakia mizigo pale kwa miezi minne, angeyaamini kama si Wamucii.

Asubuhi hiyo alikunywa chai nyumbani kwa Wamucii, mtaa wa Kiwanjani, kama kawaida yake. Mwenye duka huyo alikuwa akimfungia chakula ndugu yake Irungu, rubani wa ndege hiyo.

"Akienda Wajir mimi humpa thermos ya chai tu," alisema akicheka. "Leo anataka chapati kumi na ndengu. Ati atakula mara mbili huko juu! Si atapasuka?"

Akamtilia Ekidor chapati mbili mfukoni.

"Wewe uko huko airport. Niangalilie huyo ndugu yangu. Sina mwingine."

Ekidor alipiga hesabu kabla hajamaliza chai. Kula mara mbili ni saa saba hewani. Ndege ile hukata kilomita mia tano kwa saa.

Maskati. Kilomita elfu tatu na mia nne.

Ndio mji wa wanunuzi wa magendo ambao Idara ilikuwa ikiutafuta. Alitoka nje, akapiga simu, kisha akarudi kuaga kwa adabu. Shukrani ya punda ni mateke, na leo punda alikuwa yeye.

Ndege ilikuwa ishaanza kukimbia.

Akaitupa Probox mbele yake. Breki zikalia. Pangaboi zikasimama hatua tano kutoka kwenye boneti.

Mlango ukafunguka. Mgeni mwenye suti akafyatua risasi, kioo cha Probox kikamwagika. Glock ya Ekidor ikajibu mara moja. Mgeni akashika bega, bastola yake ikaanguka lamini.

Ndani ya ndege, chini ya majani ya migomba yaliyofunga miraa, zilikuwepo pembe za faru. Kumi na nne.

Irungu akashuka mikono juu.

"Ekidor? Si Jumapili ulikula kwetu?"

"Nilikula."

"Nani amekuambia?"

Chapati zilikuwa bado na joto mfukoni. Ekidor aliona aibu hata kumtazama.

"Hesabu," akasema.

Land Cruiser za Idara zikafika. Redio ikakohoa: "Kazi safi, Kware." Kisha simu yake ikalia. Wamucii.

"Ekidor, amepaa salama?"

"Hajapaa."

"Haki? Afadhali! Mwambie basi apitie nyumbani, ndengu zimebaki."

"Nakuja, Wamucii."

Akavaa miwani yake ya jua, akaondoka bila kugeuka, bila haraka. Wenzake wakasema yule jamaa hana moyo.

Kutoka hapo hadi mlangoni kwa Wamucii ni kilomita mbili, dakika tano kwa gari.

Ekidor alikwenda kwa miguu.