Matone ya Gizani

Walikutana kwenye duka la vifaa vya umeme, saa sita mchana, watu wamebanana kaunta utadhani vitu vinagawiwa bure. Mtafiti, koti lake jeupe lina doa la kahawa, macho yamemvimba kwa uchovu, aliomba taa nyekundu.

"Nyekundu? Unafungua baa, mrembo?" aliuliza fundi umeme aliyesimama nyuma yake, shati limemkaa sawasawa.

"Nafungua macho ya watu kama wewe. Nipishe."

Fundi huyohuyo ndiye aliyekwenda kuifunga taa maabara. Mwezi wa tatu tangu hapo wakawa wapenzi, na mtafiti akawa hoi kuliko zamani. Kutwa nzima alijifungia kwenye chumba cha giza, akitazama kwa hadubini matone madogo ajabu ya protini yakielea karibu na utando mwembamba. Ukiyamulika kwa mwanga wa buluu, yanaung'ang'ania utando; ukizima, yanauachia taratibu. Mwanga mweupe nao una buluu ndani yake; mwekundu tu ndio hauyasumbui. Hata kioo cha simu kingeharibu kila kitu, kwa hiyo simu aliiacha ofisini. Hilo hakumwambia fundi. Alichoka hata kueleza.

Jumanne fundi alimpigia simu mara tisa. Ya kumi hakupiga. Alikuja mwenyewe, akasukuma mlango, mwanga wa korido ukamwagika hadi mezani.

"Kumbe upo! Nani huyo unayejifungia naye?"

Mtafiti aliinamia hadubini. Matone yote yalikuwa yameng'ang'ania utando, nao umekunjamana, haufai tena. Kazi ya wiki tatu, basi. Alitaka kufoka, nguvu hana. Akakaa sakafuni, akalia.

"Hao hapo," alisema. "Sogea uwaone wapinzani wako. Mwanga ulioingia nao umewaharibu."

Fundi alichungulia kitambo. "Jamani! Mimi ndiye niliyefanya hivi?"

"Wewe na wivu wako."

"Nisamehe, mpenzi. Nimepata kazi mji wa mbali, wanataka jibu kabla ya saa nane. Nilikuwa nakutafuta nikuulize: niende, au nibaki tuoane?"

Mtafiti alimpenda mno, na hilo ndilo lililomchosha zaidi.

"Kesho nitakuwa humuhumu. Keshokutwa pia. Simu sitapokea. Utaweza?"

"Nitakuwa nakununia jioni, kisha nakupikia."

Alicheka, machozi bado yanamtoka. "Funga mlango."

"Nikiwa wapi?"

"Ndani, mume wangu. Tunaanza upya."