Mpaka Lizime

Jumamosi ile gari la Cherop lilizima mbele kabisa ya lango la soko, mjini Nakuru, na kila mwenye honi akaipiga. Kiti cha nyuma kilikuwa na keki ya harusi. Cherop, mwoka keki wa Kiamunyi, alishuka na gauni lake la manjano, unga bado kwenye kiwiko, akikaribia kulia.

"Madam, wacha kupiga starter, utamaliza betri," alisema kijana mrefu wa ovaroli ya buluu. "Fungua boneti."

"Wewe ni fundi ama unapita tu?"

"Nilikuwa napita, mpaka nikakuona. Naitwa Kahiga. Gereji yangu iko Section 58."

Alikagua waya mmoja mmoja, na alipomaliza gari likawaka bila kueleza lilikuwa na nini. Jumatatu akabadilisha plagi. Ijumaa simu ikalia.

"Kahiga, imezima tena!"

"Nilijua umenimiss, mrembo. Ilete."

Akabadilisha nyaya. Wiki iliyofuata lilizima tena, lakini likifika gereji liko sawa kabisa. Ugonjwa haukujulikana, mapenzi yakajulikana mtaa mzima.

Kisha likazima njiani kwenda Gilgil na keki nyingine ya harusi, na bibi harusi akakata keki yake wageni wakiwa wameshaondoka. Cherop alifika nyumbani amevimba kwa hasira. Kaka yake Jeff akamwambia, "Fundi huacha ugonjwa ndani ya gari ndio urudi. Na huyu anakutaka, si ndio?"

Cherop alimpigia Kahiga papo hapo.

"Umekuwa ukiniharibia gari makusudi?"

"Babe, nini tena?"

"Usiniite babe! Wewe ni mwongo, Kahiga."

Akakata. Kahiga aliumia kama fundi, na akaumia zaidi kama mpenzi. Siku tatu aliwaza mambo mawili tu, Cherop na lile gari, na siku ya nne akampigia.

"Nipe safari moja. Tuendeshe mpaka lizime. Lisipozima, hutaniona tena."

"Na likizima?"

"Utajionea na macho yako."

Waliondoka Jumapili baada ya ibada, Cherop amejifunga kitambaa chekundu kichwani na kununa. Wakapita Gilgil. Wakapita Naivasha. Gari lilikwenda vizuri ajabu. Kahiga, ambaye maisha yake yote aliombea magari yawake, sasa aliliombea hili lizime.

"Mbona haizimi?" Cherop aliuliza kwa ubaridi.

"Hata mimi nashangaa," alijibu.

Karibu na Longonot gari likakohoa, likanyamaza.

"Imezima!" Kahiga alipiga kelele kama aliyeona bao. Cherop nusura acheke, akajikaza.

Kahiga alichomoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini. "Angalia hapo kwa ncha, usiguse. Mimi napiga starter. Unaona moto?"

"Sioni kitu."

Akazima swichi. "Sasa gusa hii koili. Pole pole."

"Uwi! Inachoma!"

"Hiyo ndiyo hutuma moto kwa plagi. Ikichemka inakufa, ikipoa inafufuka. Wewe huniletea ikiwa imeshapoa. Sijawahi kuipata ikiwa mgonjwa."

Cherop alifungua kitambaa chake, akakilowesha maji ya chupa, akaizungushia koili. Walikaa kando ya barabara wakiutazama mlima, kama dakika ishirini. Kahiga alipopiga starter tena, moto wa buluu uliruka kwenye ncha ya plagi, tak, tak, tak.

"Nimekukosea," Cherop alisema. "Nilikuita mwongo."

"Iliniuma sana."

"Najua. Nisamehe, mpenzi."

Kahiga alitoa mfukoni koili mpya aliyokuja nayo kwa kuishuku ile ya zamani, akaifunga. "Nimekusamehe. Lakini haitazima tena. Hutakuwa na sababu ya kuja gereji."

"Sina haja ya sababu. Kuna keki nataka kuoka, sasa sijui majina ya kuandika juu."

"Wenyewe ni nani?"

"Mmoja ni Cherop. Huyo mwingine bado hajaniuliza."

Kahiga alifuta grisi mikononi kwa kile kitambaa chekundu, kidole kwa kidole, kisha akamuuliza.